Kamera Kwenye Shamba la Mwani: Somo kwa Wanafunzi Wanaotengeneza Filamu za Kazi za Mashinani

Katika fuo za kusini mwa Kaunti ya Kwale, kama vile Kibuyuni katika kaunti ndogo ya Lunga Lunga, kuna mashamba ambayo mgeni anaweza kuyapita asiyaone. Maji yakijaa, huonekana bahari tupu. Yakipwa wakati wa bamvua, hutokea safu za vigingi na kamba zilizofungwa vishada vya mwani, na kina mama wameinama katikati yake, maji yakiwafika magotini au kiunoni. Kwa saa chache hufunga mbegu, hung'oa magugu, hukaza kamba zilizolegea na kuvuna mwani uliokomaa. Kisha maji hurudi na shamba hufunikwa tena.

Kazi ya aina hii inafaa sana kwa filamu ya hali halisi, yaani filamu inayoonyesha watu halisi wakiishi na kufanya kazi zao bila kuigiza. Wakazi wengi wa mijini hutumia dawa ya meno, losheni na vyakula vyenye utomvu wa mwani bila kujua ni nani aliyesimama baharini kuuvuna. Mwanafunzi mwenye simu nzuri na subira anaweza kuwaonyesha.

Somo hili linawalenga wanafunzi wa shule za upili na vyuo vya ufundi pamoja na walimu wao. Linawalenga pia wakazi ambao siku moja wataombwa kusimama mbele ya kamera, ili wajue haki zao. Kilimo cha mwani kimetumiwa kama mfano, lakini hatua zilizoelezwa zinafaa pia kwa mgema, mchimba chumvi, mfugaji au mvuvi. Msingi wake ni mmoja: filamu kuhusu kazi ya mtu hufuata saa za kazi hiyo, na ikikamilika hurudi kwanza kwa mwenye kazi kabla ya kwenda kwingine kokote.

Filamu katika elimu na katika ugatuzi

Filamu si mchezo wa pembeni tena katika elimu ya Kenya. Mtaala wa umilisi una mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu, na tamthilia na filamu ni miongoni mwa masomo yake. Tamasha la kitaifa la drama linaloshindaniwa na shule kila mwaka sasa ni la drama na filamu pia.

Kwa upande wa ugatuzi, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la sinema na maonyesho ya video, pamoja na maktaba, makavazi na vyuo vya ufundi vya mashinani. Kwa hiyo filamu ya wanafunzi kuhusu kazi za wakazi si jambo geni kwa kaunti. Ni kumbukumbu ya umma, na ndiyo sababu inapaswa kutengenezwa kwa haki.

Yaliyotangulia: nani alikuwa akisema?

Kamera ilifika mashambani Afrika Mashariki zamani. Kati ya 1935 na 1937, mradi uliojulikana kwa Kiingereza kama Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, si mbali sana na mpaka wa Kwale. Ulitengeneza filamu fupi zaidi ya 30 na kuzizungusha kwa lori katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Nyingi zilihusu kilimo, afya na matumizi ya pesa. Mkulima alionekana kwenye picha, lakini hasa alikuwa mtu wa kuambiwa la kufanya. Waliopanga hadithi walikuwa wengine.

Huko Ireland, mwaka 1934, mwelekezi Robert Flaherty alitoa filamu ya Man of Aran kuhusu watu wa visiwa vya Aran. Sehemu inayokumbukwa zaidi ni ile ya wanakijiji wakiwinda papa wakubwa kwa mikuki. Ukweli ni kwamba wakazi wa visiwa hivyo walikuwa wameacha uwindaji huo miaka mingi nyuma, hivyo ilibidi wafundishwe upya ili kamera ipate picha. Hata familia iliyoonyeshwa haikuwa familia moja. Watazamaji walipata picha za kusisimua, lakini hawakupata kazi ya kweli ya watu wale.

Mfano ulio karibu zaidi ni filamu ya Thank You for the Rain ya 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Kaunti ya Kitui, alishirikiana na mwelekezi wa Norway, Julia Dahr. Badala ya kupigwa picha tu, Kisilu alishika kamera mwenyewe kwa miaka kadhaa, akarekodi ukame, mvua kubwa, familia yake na juhudi zake za kuwahimiza majirani kupanda miti. Mtazamaji anaiona shamba kwa jicho la mwenye shamba.

Mifano hii mitatu inazaa swali ambalo kila kikundi cha wanafunzi kinapaswa kujiuliza kabla ya kuwasha kamera: katika filamu hii, ni nani anayesema na ni nani anayesemewa?

Kalenda ya filamu ni kalenda ya maji

Kosa la kwanza la wanafunzi wengi ni kupanga siku za kupiga picha kwa kufuata ratiba ya shule peke yake. Bahari haijui Jumamosi.

Mkulima wa mwani hufanya kazi wakati wa bamvua, siku zinazozunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo maji hupwa sana. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Katikati ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu, ambapo bahari haipwi vya kutosha na kazi nyingi za shambani hazifanyiki. Wanafunzi wakifika siku ya maji mafu, watakuta ufuo hauna mtu, na huenda wakawaomba kina mama waingie majini "kidogo tu kwa ajili ya picha". Hapo ndipo filamu inapoanza kuwa ya uongo.

Njia iliyo bora ni kuufuata mwani wenyewe. Mwani hukua kwa takriban wiki 6 tangu mbegu inapofungwa kwenye kamba hadi kuvunwa. Bamvua huja karibu kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo msimu mmoja wa mwani huwa na bamvua nne, na kikundi kinaweza kupanga kazi yake hivi:

1. Bamvua ya kwanza, mbegu zinapofungwa: kwenda bila kamera. Kusalimia, kueleza nia, kusaidia kazi na kutazama.
2. Bamvua ya pili, wakati wa kupalilia: kurudi na kamera na kupiga picha za kazi tu, bila mahojiano.
3. Bamvua ya tatu: kuendelea na picha, na kufanya mahojiano jioni nyumbani au chini ya mti, kazi ikishakwisha.
4. Bamvua ya nne, wakati wa kuvuna: kupiga picha za kubeba mwani mbichi hadi ufuoni, kuuanika kwenye chanja, kuukausha kwa siku kadhaa na kuupima.

Mwalimu anaweza kutumia jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Mombasa kupanga ruhusa za wanafunzi mapema. Hata hivyo, wazee na kina mama wa ufuoni wanajua saa za maji ya mahali pao, na kuwauliza ni njia nzuri ya kuanza mazungumzo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe

Methali hii inawafaa wanafunzi wa filamu kuliko kitabu chochote cha mafunzo. Anayekwenda kupiga picha za kazi bila kuigusa kazi hiyo hubaki mgeni, na picha zake hubaki picha za mgeni.

Siku ya kwanza bila kamera haipotei bure. Mwanafunzi akifunga mbegu kwenye kamba kwa saa moja tu, huku kiuno kimeinama na jua limesimama juu ya maji, atajua mambo ambayo hangeuliza: kwamba mikono hukwaruzwa na kamba, kwamba mwanga unaorudi kutoka kwenye maji huchosha macho, kwamba mzigo wa mwani mbichi ni mzito mno na kwamba mvua ikinyesha kabla ya mwani kukauka, juhudi za wiki nyingi zinaweza kuharibika. Siku ya kurudi na kamera, atajua pa kuielekeza.

Siku hiyo pia ni ya kukusanya maneno. Wakazi wa eneo hilo huzungumza Kidigo, Kivumba na Kichifundi pamoja na Kiswahili sanifu. Kila kazi ina msamiati wake wa vifaa, upepo, maji na maradhi ya mwani. Wanafunzi wanapaswa kuyaandika maneno hayo kama yanavyotamkwa na kuwaacha wenye kazi waongee kwa lugha waliyoizoea, kisha kuweka tafsiri chini ya picha. Mtu akilazimishwa kuzungumza lugha ya darasani, husema ya darasani.

Idhini si sahihi tu

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi. Idhini inapaswa kutolewa kwa hiari, mtu akiwa ameelewa inavyotumika, na anayo haki ya kuiondoa baadaye. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Jambo hili si dogo: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi.

Kabla ya kupiga picha, wanafunzi wanapaswa kumweleza kila mhusika mambo haya kwa lugha anayoielewa: filamu inahusu nini, itaonyeshwa wapi, kama itawekwa kwenye intaneti, na kwamba anaweza kukataa swali lolote au kujiondoa. Maelezo hayo yarudiwe mbele ya viongozi wa kikundi cha wakulima na mwakilishi wa kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU. Ruhusa ya kiongozi, hata hivyo, haichukui nafasi ya ruhusa ya mtu mwenyewe.

Watoto wanahitaji uangalifu zaidi. Mtoto anayemsindikiza mama yake ufuoni siku ya Jumamosi anaweza kuonekana kwenye filamu kana kwamba ameachishwa shule ili afanye kazi. Picha ya sekunde tano inaweza kuiletea familia maswali ya miezi mitano.

Wanafunzi wasiahidi msaada, soko wala wafadhili. Wanachoweza kuahidi ni nakala ya filamu na nafasi ya kuitazama mapema, na ahadi hiyo waitimize.

Kuhusu leseni, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni kwa filamu inayotengenezwa nchini kwa ajili ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Mwalimu anapaswa kuuliza taratibu hizo kabla ya siku ya kwanza ya picha, si baada ya filamu kukamilika.

Swali dogo hupata jibu kubwa

Swali "Mnakumbana na changamoto gani?" ni swali la ripoti. Mkulima amelijibu mara nyingi mbele ya wageni wenye madaftari na jibu lake analijua kwa moyo. Maswali madogo, yanayohusu siku moja au kitu kimoja, humrudisha mtu kwenye maisha yake:

- Mama, jana ulitoka nyumbani saa ngapi, na uliacha nani na watoto?
- Kamba hii umeitumia tangu lini?
- Nani alikufundisha kufunga mbegu namna hii?
- Ulipouza mara ya mwisho, pesa ulianza kuzitumia kwa jambo gani?
- Siku ambayo bahari imekuwa na joto na mwani umegeuka rangi, mnafanyaje?

Baada ya swali, mwanafunzi anyamaze. Jibu zuri mara nyingi huja baada ya kimya, mtu akidhani mahojiano yamekwisha.

Ikiwa mkulima atalalamika kuhusu bei, kucheleweshewa malipo au huduma ya ofisi fulani, iwe ya serikali ya kaunti au nyingine, lalamiko hilo lisifichwe kwa sababu filamu ni ya shule. Lakini pia lisirushwe hivyo hivyo. Wanafunzi waulize wakulima wengine, watazame stakabadhi wakiruhusiwa, na wampe anayelalamikiwa nafasi ya kujibu. Filamu inayosifu tu haimsaidii mkazi, na filamu inayolaumu bila kuhakikisha inaweza kumwachia mkulima ugomvi asioutaka.

Picha na sauti

Vifaa vya bei ghali si lazima. Yafuatayo yanatosha kuiinua filamu ya simu:

- Simu ishikwe kwa upana na mikono miwili, au iwekwe kwenye kiweko. Kila picha idumu angalau sekunde 10 bila kutikisika.
- Kila tendo lipigwe mara tatu: picha ya mbali inayoonyesha shamba lote, ya wastani inayoonyesha mtu na kifaa chake, na ya karibu inayoonyesha vidole vikifunga mbegu.
- Upepo wa ufuoni huharibu sauti kuliko kitu kingine. Mahojiano yafanyiwe mahali palipokingwa, na simu ya pili iwekwe karibu na mzungumzaji kurekodi sauti pekee.
- Sauti za kazi zirekodiwe peke yake: maji, kamba zikivutwa, kina mama wakiitana.
- Maji ya chumvi huua simu. Simu iwekwe ndani ya mfuko usioingiza maji, na mtu mmoja abaki ufuoni na vifaa vya ziada.
- Picha zinakiliwe siku hiyo hiyo mahali pawili tofauti.

Hakuna anayepaswa kuombwa kurudia tendo la hatari au kubeba mzigo mara ya pili kwa sababu picha haikutoka vizuri. Bamvua nyingine itakuja.

Nyimbo za kazi zinazoimbwa na kikundi ni mali ya jamii. Ziombewe ruhusa, na kikundi kitajwe mwishoni mwa filamu. Nyimbo za wasanii zisitumiwe bila kibali.

Filamu irudi kwanza kwa mwenye kazi

Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Chukua mfano huu. Katika mahojiano ya saa moja, mama mmoja anasema kwamba kila akiuza mwani huweka kando kiasi kidogo, watu wa nyumbani wasijue, ili binti yake asikose karo. Wanafunzi wanapokaa kuhariri, wanaona hayo ndiyo maneno yanayogusa zaidi katika filamu nzima. Mwalimu anakubali. Idhini imetiwa sahihi. Sheria haijavunjwa.

Lakini wanafunzi watarudi shuleni, na mama huyo atabaki kijijini. Filamu ikionyeshwa kwenye tamasha au kusambazwa kwa simu, siri yake itafika nyumbani kabla yake. Akiba iliyokuwa ikimlipia binti karo inaweza kwisha kwa sababu ya filamu iliyokusudia kumsifu.

Kwa hiyo, filamu ikiwa bado ni rasimu, wanafunzi wairudishe ufuoni. Inatosha projekta na shuka jeupe kwenye banda la kikundi, au hata kompyuta mpakato mezani. Walioonyeshwa waitazame kwanza, kila mmoja akiulizwa faraghani sehemu inayomhusu. Maswali matatu yanatosha: Je, hii ndiyo kazi yako kama unavyoijua? Kuna kitu ambacho hakiko sawa? Kuna kitu ambacho hutaki watu wengine wakione? Akisema kipande kitolewe, kitolewe.

Faida haiji upande mmoja tu. Wenye kazi hugundua makosa ambayo mwalimu hawezi kuyaona: jina la upepo lililokosewa, picha za kupanda zilizowekwa baada ya kuvuna, aina moja ya mwani ikiitwa kwa jina la nyingine. Tena watu waliosikilizwa mara hiyo ndio watakaowakaribisha wanafunzi wa mwaka ujao.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja kazi moja inayofanywa katika wadi yenu ambayo haijawahi kuonyeshwa kwenye filamu. Ni saa zipi, siku zipi au msimu upi inapofanyika, na ratiba ya shule itabadilishwaje ili kuifuata?
2. Kikundi chenu kimekosa picha ya mgema akipanda mnazi mrefu. Ameshamaliza kugema asubuhi hiyo. Je, mtamwomba apande tena? Toeni sababu.
3. Mkulima aliyekubali kurekodiwa anaomba aondolewe kwenye filamu siku mbili kabla ya mashindano. Mtafanya nini?
4. Katika mfano wa mama na akiba yake, kuna njia ya kueleza thamani ya pesa za mwani bila kumtaja wala kumwonyesha yeye?
5. Mkipewa simu mbili, mtaamuaje kama moja ipewe mwenye kazi arekodi mwenyewe?

Wakazi wanaoombwa kurekodiwa nao wanaweza kulitumia somo hili. Wana haki ya kuuliza filamu inakwenda wapi, kukataa swali, kuomba kuona rasimu na kupata nakala. Kijana akifika ufuoni na simu mkononi, aulizwe kwanza kama amekuja siku ya bamvua, na kama yuko tayari kukunja suruali na kuingia majini.